Linda mchoro, linda na mteja: hatua kwa hatua kwa anayeuza kazi zake mtandaoni

"Kaka, mbona kanga yako iko Kariakoo na haina jina lako?"

Ujumbe huo uliniingia WhatsApp asubuhi, ukifuatwa na picha. Binamu yangu alikuwa amesimama mbele ya duka la jumla, na nyuma yake doti zimepangwa hadi darini. Pindo lilikuwa langu, la makuti yaliyosokotwa. Mji, yaani mchoro wa katikati, ulikuwa wangu, majahazi mawili yametazamana. Jina la kanga tu ndilo lililobadilishwa. Faili kamili ya mchoro ule nilikuwa nimewapa watu watatu: mchapaji mmoja, mnunuzi mmoja wa Maskati na mwingine wa Mombasa. Wote watatu nilikuwa nimewatumia faili ileile, haina tofauti hata ya nukta moja. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumshitaki mtu, ila sikuwa na wa kumshitaki.

Tangu siku ile nimejifunza kazi hii kwa bidii, na mwongozo huu ndio utaratibu ninaoufuata mwenyewe. Nimeuandika kwa kutumia kanga kwa sababu ndiyo kazi yangu, lakini mpiga picha, mchora katuni, mbunifu wa vitenge au mtengeneza nembo ataufuata vilevile.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kriptografia hulinda faili ikiwa imefungwa: aliye njiani haoni kitu, mwenye ufunguo anaona. Akishaifungua, ulinzi umekwisha. Anaweza kuigawa mji mzima. Alama ya maji, ambayo wengi tunaiita watamaki, inafanya kazi pale kriptografia inapoishia. Inabaki ndani ya mchoro wenyewe baada ya kufunguliwa, inasema ni wa nani au ulipitia kwa nani. Ukiwa na moja tu, nusu ya safari yako iko wazi.

Wala si jambo geni. Karatasi zenye alama ya maji zilitengenezwa Fabriano, Italia, tangu mwaka 1282, ili kiwanda kijulikane ukiiinua karatasi kwenye mwanga. Na sisi wa pwani tumekua tukiona maneno "K.H.E. – Mali ya Abdulla" yamechapwa kwenye leso za duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa. Mwenye mali alijua mapema kwamba nguo huenda mbali kuliko yeye, kwa hiyo jina liende nayo.

Vifaa

Kompyuta yoyote inayowaka, na programu hizi ambazo zote ni za bure: ExifTool ya kusoma na kuandika maelezo ndani ya picha, Inkscape na GIMP za kuchora na kuhariri, 7-Zip ya kufunga faili, na Python ya kuendeshea programu ndogo ya hatua ya 5. Kama hujawahi kuandika amri kwenye kompyuta, usiogope. Unanakili mstari, unabadilisha jina la faili, unabonyeza Enter.

Hatua ya 1: Tenga faili mama

Faili mama ni ile yenye leya zote (tabaka za mchoro), rangi zote, ukubwa wote. Hiyo haipostiwi, haitumwi kwa mteja "aone tu", haikai kwenye simu. Iweke sehemu mbili, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine. Pamoja nayo hifadhi rasimu za penseli na matoleo ya mwanzo yaliyokataliwa. Utaona baadaye kwa nini makaratasi hayo yana thamani kuliko unavyodhani.

Cha kuposti kitoe kwa upana wa pikseli 1080, basi. Hesabu yake ni hii: kanga ina urefu wa kama sentimita 150. Kuichapa kwa nukta 150 kwa inchi kunataka pikseli zipatazo 8,850. Picha ya pikseli 1080 kwa kipimo hichohicho inatosha kipande cha sentimita 18, yaani kitambaa cha kufutia miwani. Udogo wa picha ni kinga ya kwanza na haikugharimu kitu. Haimzuii mwizi mwenye subira ya kuchora upya, lakini wengi wao hawana subira hiyo.

Hatua ya 2: Chukua alama ya kidole ya faili, kabla hujamwonyesha mtu

Kila faili ina alama yake ya kidole, yaani heshi. Tumia SHA-256. Kwenye Windows andika:

certutil -hashfile majahazi.tif SHA256

Kwenye Linux:

sha256sum majahazi.tif

Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Badilisha pikseli moja tu ya jahazi, mstari wote unageuka. Na huwezi kurudi nyuma, kuchukua heshi ukatengeneza mchoro. Hivyo heshi unaweza kumpa mtu yeyote bila kumpa mchoro. Usitumie MD5 wala SHA-1 hata ukiona programu inakupa chaguo hilo: MD5 ilivunjwa mwaka 2004, na mwaka 2017 watafiti wa Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walitoa faili mbili za PDF zilizo tofauti lakini zenye SHA-1 moja.

Heshi peke yake haina tarehe. Ili uipe tarehe ambayo mtu hawezi kukuambia umeibuni, tumia OpenTimestamps, huduma ya mtandaoni ya kupiga muhuri wa tarehe. Ama unaburuta faili kwenye tovuti yao, ambapo heshi inapigwa ndani ya kivinjari chako na mchoro hautoki kwako, ama, ukiwa umeweka programu yao kwenye kompyuta, unaandika:

ots stamp majahazi.tif

Itatoa faili ndogo yenye mwisho wa .ots. Ihifadhi kando ya faili mama. Baada ya saa kadhaa andika ots upgrade na jina la faili hiyo ndogo, ili uthibitisho ukamilike. Heshi yako inakuwa imefungamanishwa na daftari la umma la Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, ambalo mimi, wewe wala mwizi hatuwezi kulirudisha nyuma.

Elewa vizuri kinachothibitishwa. Kinathibitishwa kwamba faili hii ilikuwepo kufikia tarehe hiyo. Hakithibitishwi kwamba wewe ndiye uliyeichora. Hapo ndipo rasimu za penseli zinapoingia: mwizi anaweza kuwa na picha ya mwisho, lakini hana karatasi ambayo jahazi la kushoto lilianza likiwa mtumbwi.

Hakimiliki yenyewe huzaliwa na kazi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hautaki usajili wala sherehe yoyote, na Kenya iliingia mwaka 1993, Tanzania 1994, Omani 1999. Hata hivyo, kusajili kwenye ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar au KECOBO kwa Kenya kunakupa karatasi ambayo wakili na hakimu wanaielewa haraka kuliko heshi. Mimi hufanya vyote viwili kwa michoro ninayotegemea kuuza muda mrefu.

Hatua ya 3: Andika jina ndani ya faili, toa mahali ulipo

Picha hubeba maelezo yasiyoonekana, yaani metadata. Andika lako kwenye picha ya kuposti, ambayo hapa naiita onyesho.jpg:

exiftool -Artist="Jina lako" -Copyright="Hakimiliki 2025 Jina lako" onyesho.jpg

Kisha futa ramani:

exiftool -gps:all= onyesho.jpg

Amri hii ya pili wengi wanaipuuza, nami naiona kubwa kuliko ya kwanza. Ukitandika kanga barazani kwako ukaipiga picha na simu ambayo kamera yake imeruhusiwa kutumia eneo, simu inaandika latitudo na longitudo ya nyumba yako ndani ya picha. Dada anayeuza nguo peke yake nyumbani akituma picha hiyo kwa mtu asiyemjua, amempa mpaka mlango. WhatsApp huondoa maelezo hayo unapotuma kama picha, lakini ukituma kama hati, yanakwenda mazima, na wateja wanaotaka ubora hupenda kuomba hati. Baada ya kufuta, andika exiftool onyesho.jpg usome uone kama kuna mstari wa mahali uliobaki. Angalia pia: ExifTool huacha nakala ya zamani yenye neno _original mwishoni. Hiyo bado ina ramani; usiitume kwa bahati mbaya.

Metadata ni lebo iliyobandikwa, na lebo hubanduka. Tuendelee.

Hatua ya 4: Alama inayoonekana

Hii ni jina au nembo yako juu ya picha ya maonyesho. Usiiweke pembeni. Pembeni inakatwa kwa kidole kimoja. Ipitishe juu ya mji, ikate mistari ya mchoro wenyewe, iwe nyepesi kiasi cha mteja kuona kazi na nzito kiasi cha kufuta kuwe shughuli.

Kuna jambo moja lililobadilisha kabisa namna yangu ya kuiweka. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba alama ikiwa ileile, mahali palepale, kwenye picha nyingi za muuzaji mmoja, kompyuta inaweza kulinganisha picha hizo, ikajua sura halisi ya alama, na ikaitoa zote pasipo mkono wa mtu. Walionyesha na dawa: alama ipindwe kidogo, tofauti kwa kila picha. Kuihamisha tu hakutoshi. Ni ule mpindo wa umbo unaoisumbua kompyuta, kwa sababu ikijaribu kutoa alama inaacha makovu yanayoonekana. Kwa hiyo kwenye GIMP, kabla ya kuunganisha leya, chukua zana ya kupinda uivute leya ya alama kidogo huku na kule. Sekunde kumi kwa picha. Aliyeposti picha mia mbili zenye nembo ileile kwenye kona ileile amemrahisishia mwizi kuliko aliyeposti mbili.

Hatua ya 5: Alama isiyoonekana

Kila pikseli ina namba za rangi kati ya 0 na 255. Jicho halitofautishi nyekundu ya 200 na ya 201. Njia ya zamani huficha ujumbe katika tofauti hiyo ndogo, ile biti (0 au 1) ya mwisho ya namba. Ni rahisi kuelewa na haifai kwa biashara: ukigeuza picha kuwa JPEG mara moja tu, biti hizo zinavurugwa zote, na kila mtandao wa kijamii unakamua picha upya. Njia imara huficha ujumbe katika mawimbi ya picha, kwenye mabonde na vilima vya mwanga ambavyo ukamuaji hauvigusi sana. Kazi kubwa ya njia hii ilichapishwa na Ingemar Cox na wenzake mwaka 1997, na hoja yao bado ndiyo msingi: weka alama pale ambapo mwizi hawezi kuigusa bila kuiharibu picha yenyewe.

Kwa Python, andika pip install invisible-watermark. Uwe na bando la kutosha, maana inavuta vitu vingi. Kisha:

invisible-watermark -v -a encode -t bytes -m dwtDct -w "KN07" -o nakala07.png onyesho.jpg

KN07 ni msimbo wa herufi nne, yaani biti 32. Kuusoma:

invisible-watermark -v -a decode -t bytes -m dwtDct -l 32 nakala07.png

Usiandike jina la mteja hapo. Mtu yeyote mwenye programu hii anaweza kusoma kilichomo, kwa hiyo tumia msimbo usio na maana kwa mwingine, na maana yake iandike kwenye daftari lako.

Halafu ijaribu kabla ya kuiamini. Jitumie picha kwa WhatsApp, ishushe, isome. Ipige skrinishoti, isome. Ikate ukingo, isome. Njia ya dwtDct inavumilia ukamuaji wa wastani na mabadiliko ya mwangaza, lakini haipendi picha kubadilishwa ukubwa. Ndiyo maana punguza picha mwenyewe kwanza hadi ukubwa wa mwisho, ndipo uweke alama, ili mtandao usipate sababu ya kuipunguza tena. Ikiendelea kushindwa, jaribu -m dwtDctSvd. Andika kwenye daftari ni majaribio yapi imepita na yapi imeshindwa, usije ukaahidi mbele ya watu kitu ambacho alama haiwezi.

Hatua ya 6: Alama inayovuka mpaka kwenye kitambaa

Hapa ndipo ningependa usome polepole, kwa sababu ndiyo hatua iliyoniokoa.

Alama isiyoonekana ya hatua ya 5 inakufa mchoro ukichapwa kwenye pamba, rangi zikamwagika, nguo ikafuliwa. Lakini mchoro wenyewe haufi. Kwa hiyo alama iwe sehemu ya mchoro.

Kila anayepokea faili kamili hupewa nakala yake peke yake. Katika pindo la makuti mimi huchagua sehemu tano ambazo hakuna anayezitazama: idadi ya nukta kwenye kona moja, jani linaloelekea kulia badala ya kushoto, uzi wa msuko unaopita juu badala ya chini. Kila sehemu ina hali mbili. Sehemu tatu zinakupa nakala nane tofauti, kwa sababu mbili mara mbili mara mbili ni nane. Sehemu tano zinakupa 32. Kwenye Inkscape ni kazi ya dakika kumi: nakili faili, sogeza jani, hifadhi kwa jina jipya, piga heshi, andika kwenye daftari la nakala tarehe, jina la aliyepokea, na hali ya kila sehemu.

Kwa nini tano na si moja? Kwa sababu wapokeaji wawili wanaweza kukutana wakaweka nakala zao mezani. Wataona penye tofauti, watasawazisha. Lakini mahali ambapo nakala zao zinafanana hawawezi kupaona, na hapo papo hapo panaweza kukuonyesha ni wawili gani. Ukiwa na wapokeaji wachache na sehemu nyingi, wape misimbo inayoachana vizuri, isiyotofautiana kwa jani moja tu.

Utauliza: mbona nimeianika mbinu yenyewe hadharani? Mholanzi Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo mzuri ni ule ambao adui akiujua wote, isipokuwa ufunguo, bado haumsaidii. Mbinu unaijua. Jani gani, hujui.

Hollywood wanafanya vivyo hivyo. Mwaka 2004 Akademi inayotoa tuzo za Oscar ilimfukuza mwanachama wake mmoja baada ya kanda za filamu alizopewa azitazame kuvuja. Kila kanda ilikuwa na alama yake, ikafuatwa hadi kwake. Mimi sina uwezo wa Hollywood, lakini mchoro wangu wa pili, wenye mikoko na kaa, ulipozuka tena dukani bila idhini yangu, nilinunua doti moja, nikaitandika kitandani chini ya taa, nikahesabu nukta za kona kwa ncha ya sindano. Saba. Jani la tatu limeelekea kulia. Uzi wa msuko juu. Nilifungua daftari, na jina lilikuwa moja. Sikulitangaza mtandaoni na hapa silitaji; nilimpigia simu, nikamsomea tarehe niliyomtumia faili, na mazungumzo yakawa ya malipo badala ya kubishana.

Hatua ya 7: Fumba faili inapokuwa njiani

Kufumba, ambako wengine huita usimbaji fiche, ni kugeuza faili iwe vurugu kwa asiye na ufunguo. Kwa mchapaji asiye na muda wa kujifunza mambo, 7-Zip inatosha. Chagua muundo wa 7z, usimbaji wa AES-256, na weka tiki kwenye kuficha majina ya faili. Ukilazimika kutumia zip, hakikisha umechagua AES-256 na si ZipCrypto. Hiyo ya pili ni ya zamani na dhaifu.

Nenosiri liwe maneno sita ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa bahati nasibu: fungua kamusi ukurasa wowote, weka kidole, rudia mara sita. Si methali, si jina la kanga, si mwaka wa kuzaliwa mtoto. Kisha lipeleke kwa njia nyingine. Faili ikienda kwa barua pepe, nenosiri lisomwe kwa simu. Ukiliandika kwenye barua pepe ileile, umefunga mlango ukaacha ufunguo kitasani.

Kwa mteja mkubwa anayerudi mara kwa mara, jifunzeni pamoja GnuPG. Kila mmoja ana ufunguo wa umma anaoutoa na wa siri anaobaki nao. Unafumba kwa ufunguo wake wa umma, unatia saini kwa wako wa siri. Saini inamhakikishia kwamba faili imetoka kwako na haikuguswa njiani, jambo la maana siku mtu akijifanya wewe na kumtumia "toleo jipya" lenye namba tofauti ya malipo.

Hatua ya 8: Siri za mteja

Sasa geuza sahani. Tumeshughulika na mali yako; mteja naye amekuachia yake, nayo ni jina, namba ya simu, mahali anapoishi, alichonunua na alicholipa.

Sote tumeona, na wengi tumefanya: muuzaji anaposti skrinishoti ya ujumbe wa malipo kuonyesha kwamba wateja wanamwamini. Jina kamili la mama wa watu, namba yake, kiasi, saa. Pengine na "nyumba ya geti jeusi nyuma ya msikiti". Aliyekulipia kanga hakukubali kutangazwa. Matapeli wanaopiga simu wakijidai wametuma pesa kimakosa wanahitaji hasa hayo, jina, namba na kiasi cha muamala wa kweli.

Kama lazima uonyeshe, usifute kwa ile kalamu ya simu inayopaka rangi nyembamba. Mtu akiongeza mwangaza maandishi yanarudi. Weka mstatili mweusi usiopenyeza. Hata kukata picha si salama wakati wote: mwaka 2023 iligundulika kwamba zana ya kuhariri skrinishoti kwenye simu za Google Pixel ilikuwa inaacha ndani ya faili sehemu iliyokatwa, na watu waliweza kuirudisha. Ninachofanya ni kufunika, kisha kupiga skrinishoti ya ile iliyofunikwa, na kuposti hiyo ya pili. Lakini ushauri wangu wa kweli ni mwombe mteja akuandikie sentensi moja ya maoni, uiposti kwa jina atakalokubali.

Mengine ya hatua hii nayataja kwa haraka, kila moja ni dakika chache. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ile PIN ya tarakimu sita. Na msimbo wa kujisajili usimpe mtu yeyote. Mazungumzo ya WhatsApp yamefumbwa mwisho hadi mwisho tangu 2016, lakini bekapu iliyoko mawinguni haifumbwi hivyo mpaka uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio; chaguo hilo lipo tangu 2021. Orodha ya oda iweke kwenye faili iliyofumbwa, si kwenye daftari la wazi la simu ambayo watoto wanachezea. Chukua unachohitaji tu: kupeleka mzigo kunataka jina, simu na mahali, hakutaki namba ya kitambulisho. Mzigo ukifika na muda wa kurudisha ukipita, futa anwani. Namba za kadi za benki usizipokee kabisa kwa ujumbe. Peleka mteja kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo. Na tovuti yako iwe na HTTPS, yaani njia iliyofumbwa kati ya tovuti na mteja; vyeti vyake kutoka shirika la Let's Encrypt ni bure. Ila mfahamishe mteja kwamba HTTPS inasema njia imefumbwa, haisemi mwenye duka ni mwaminifu.

Hii si hisani tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna anatakiwa ajulishwe ndani ya saa 72. Zinawahusu na wenye maduka ya Instagram.

Hatua ya 9: Ukikuta umeibiwa

Usianze kwa kumposti. Akijua unamtafuta, ukurasa unafutwa na mzigo unahamishwa, nawe unabaki na hasira tu.

Kwanza piga skrinishoti ya ukurasa wote, anwani ya kiungo na tarehe vionekane. Kama ni bidhaa ya mkononi, nunua moja na udai risiti. Soma alama, linganisha na daftari la nakala. Kisha panga bahasha ya ushahidi: rasimu za penseli, heshi na faili ya .ots, karatasi ya usajili kama ipo, picha ya bidhaa uliyonunua, na siku uliyomtumia mhusika nakala yake.

Kama wizi uko Instagram, Facebook au mtandao mwingine wa Marekani, jaza fomu yao ya hakimiliki. Chini ya sheria yao ya DMCA ya mwaka 1998, mtandao unaotaka kinga yake ya kisheria unapaswa kuondoa haraka kilicholalamikiwa ipasavyo. Andika kwa jina lako halisi, toa kiungo cha kazi yako na kiungo cha nakala, na usilalamikie kitu usicho na uhakika nacho; unaweka saini kwamba unasema kweli. Fahamu pia kwamba anayelalamikiwa anaweza kuona jina na barua pepe yako, kwa hiyo tumia barua pepe ya biashara, si ya nyumbani.

Kama wizi uko dukani, anza kwa barua ya madai, kisha COSOTA, COSOZA au KECOBO, kisha wakili. Katika barua taja alama mbili kati ya tano, si zote. Zilizobaki zitakufaa mbele ya hakimu, au kwa nakala itakayovuja mwakani. Na ukiitwa ofisini uonyeshe faili mama, nenda nayo kwenye kompyuta yako, uifungue wakiwa wanatazama, uwape heshi waiandike, kisha uifunge uondoke nayo.